Mara ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta katikati ya somo, na paa la kituo chetu cha masomo halina adabu. Likianza kupigwa, mwalimu hunyamaza. Nilikuwa nimefika kanuni ya tatu, zilizobaki nikaziandika ubaoni.

Somo la kwanza la kila muhula ni kanuni za kurudia mtihani. Kila anayekuja kwetu kutafuta nafasi ya shahada ya uzamili huuliza jambo moja hata kabla hajakaa: nikianguka, naweza kurudia? Unaweza. Ila usubiri mwezi mmoja kati ya mtihani na mtihani, na usizidishe mara mbili kwa mwaka. Ukijiandikisha usitokee, hiyo imehesabiwa. Ukimaliza, kompyuta itakuuliza kama unahifadhi alama zako au unazifuta, na itakuuliza kabla hujaziona. Ukizifuta hazirudishwi wala hazitajwi, na mara hiyo imehesabiwa vilevile. Na katika maisha yako yote ni mara tano, basi.

Miaka sita nimezisoma kanuni hizi kama tangazo la mbuzi wa watu aliyepotea.

Leo mwanafunzi mmoja, nesi wa wodi ya watoto aliyekuja na sare yake ya kazini, alinyoosha mkono. "Na wewe Mwalimu, umeufanya mara ngapi?"

"Nne."

Darasa zima likaguna kwa heshima.

"Ukapata ngapi?"

Nikasema mvua imezidi, tukutane kesho.

Jumatano, 5 Machi

Daktari amenipigia simu. Ndiye aliyenifundisha takwimu chuoni, na sauti yake bado inanifanya nikae wima. Alisema mwakani anastaafu, anataka mwanafunzi mmoja wa mwisho wa kumsimamia, na jina lililomjia ni langu. "Niletee alama za mtihani kabla Juni haijaisha. Mengine niachie mimi."

Nikakubali haraka haraka kama mtu aliyeulizwa kama anataka maji. Nilipokata simu ndipo nikahesabu. Imebaki moja.

Mara zote nne nilitumwa. Mkurugenzi wetu, ambaye akitugeuzia mgongo tunamwita Profesa, huwa anatuma mwalimu aingie chumba cha mtihani akaone maswali yanakwendaje mwaka huo. Kazi si kujibu, kazi ni kukumbuka. Mimi nina njia yangu. Naichukua kichwani nyumba ya dada, tunamoishi, nayatundika maswali humo: la kwanza mlangoni, la pili kwenye cherehani, la tatu kwenye kioo cha wateja, la nne kwenye ndoano ya pasi, hivyo hivyo mpaka uani. Nyumba ikijaa, karatasi nzima ninayo. Mwisho nafuta alama, maana nusu ya maswali sijayajibu na kituo hakitaki sifa ya walimu waliofeli. Nje Profesa ananisubiri garini, simu ya kurekodia iko tayari. "Haya, sema yangali moto!"

Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Nilikuwa najisikia. Walimu wengine walirudi na maswali kumi, mimi narudi na yote. Nilikuwa najigamba kwamba kitufe cha Futa nakibonyeza hata nikifumba macho.

Nilipomweleza dada usiku huu, alitoa pini mdomoni kwanza. Yeye ni fundi cherehani na hazungumzi jambo zito akiwa na pini mdomoni.

"Yaani mara zako nne umempa Profesa?"

"Sikumpa, alinituma."

"Majuto ni mjukuu, mdogo wangu."

"Dada, mimi hata mtoto sina. Mjukuu nimempata wapi?"

Tulicheka. Kisha yeye akarudi kwenye upindo wake na mimi nikabaki nimekaa, sicheki.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Sare za shule zimejaa hadi kitandani kwangu. Sikusoma.

Jumapili, 16 Machi

Nimegombana na Profesa. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema mwaka huu mtihani umebadilika, kuna sehemu mpya ya kusoma majedwali, na kituo cha ng'ambo ya barabara kinawaambia watu kwamba sisi tunafundisha ya zamani. "Wanafunzi watatuhama, Mwalimu. Nenda ukatuangalizie."

"Imebaki moja, Mkurugenzi. Hiyo naifanya kwa ajili yangu."

"Vizuri sana. Ifanye kwa ajili yako. Ukitoka tukae dakika chache tu. Maswali hayana mwenyewe."

Nikamwambia sitamletea hata nukta. Nikikaa mle nikikumbuka, sijibu. Nikijibu, sikumbuki. Viwili haviendi pamoja. Akasema mwaka juzi vilikwenda. Nikasema mwaka juzi sikujibu kitu! Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na karani aliyekuwa nje akaacha kupiga chapa.

Amenipokonya darasa la jioni. Kupe yule. Anakunyonya na bado anakuuliza mbona umekonda.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefanya mtihani mzima wa majaribio kwenye kompyuta ya kituo, mlango nimeufunga. Sikuwa na nia yoyote ila kujibu. Swali la kwanza tu, nikauona mlango wa dada, rangi yake iliyobabuka chini, na swali limening'inia pale. La pili likaenda lenyewe kwenye cherehani. Muda ulipokwisha nilikuwa nimejaza nyumba hadi kwenye kamba ya kuanikia, na maswali kumi na tano sijayagusa.

Mazoea yana taabu.

Alhamisi, 27 Machi

Tena. Safari hii nilijitahidi kuibomoa nyumba kabla sijaanza. Maswali yakahamia kituoni.

Jumatano, 2 Aprili

Nesi alibaki baada ya darasa kwa sababu ya mvua, na mimi nilibaki kwa sababu sikutaka kwenda nyumbani kuona ule mlango. Yeye mtihani wake ni mwezi ujao. Ameshaufanya mara moja zamani, akafuta alama kwa woga, na mpaka leo hajui alikimbia nini.

Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa sababu manesi wana namna ya kusikiliza huku wakifanya jambo jingine. Alikuwa anakamua soksi zake dirishani.

"Sisi zamu ikiisha tunakabidhi," alisema. "Kitanda cha kwanza hivi, cha pili hivi. Ukishakabidhi, umekabidhi. Nilipoanza kazi nilikuwa nawabeba wote nyumbani, napika na homa za watoto wa watu kichwani. Mama mmoja mkubwa wa wodi akaniambia, wewe, wagonjwa wana wodi yao na wewe una kwako. Sasa nikimaliza nasema kwa mdomo: nimekabidhi. Lazima useme, Mwalimu. Ukiwaza tu haitoshi."

Nikamwambia kwenye chumba cha mtihani ukiongea wanakutoa. "Basi tingisha midomo," akasema.

Jumamosi, 5 Aprili

Midomo inatingishika. Nimejibu yote ila manne. Kwenye nyumba ya dada yamebaki matatu: moja mlangoni, mawili kwenye kioo.

Jumatano, 9 Aprili

Bati la darasani limetoboka. Ndoo iko kati ya safu ya pili na ya tatu, na wanafunzi wamelibatiza lile tone "Mwanafunzi Mpya".

Jumatatu, 14 Aprili

Nesi ni msumbufu kwa namna nzuri. Leo aliuliza, "Ukurasa wa mwisho, Hifadhi iko upande gani? Nisije nikatetemeka nikabonyeza siko."

"Hifadhi kushoto, Futa kulia," nikajibu huku nafuta ubao. Sikuhitaji hata kugeuka.

Akataka kuiona kwenye kompyuta ya majaribio. Haimo. Programu yetu ni ya zamani, ukimaliza inakuonyesha picha ya maua na neno Hongera. Nikamwambia asijali, ni vitufe viwili tu, nani atakosea vitufe viwili.

Ijumaa, 25 Aprili

Majaribio ya sita. Nimejibu yote, nimebakiwa na muda, na nilipotoka nikajaribu kukumbuka swali hata moja, sikuliona. Nyumba nyeupe! Alama zimepita zile anazotaka Daktari, tena si kwa kubahatisha.

Nilimkumbatia dada akiwa na mkasi mkononi. "Utaniua kabla hujawa msomi," akasema. Halafu akapima mabega yangu kwa utepe bila kusema kwa nini. Ananishonea gauni la siku ya chuo, najua, na yeye anajua kwamba najua.

Nawaza miaka. Ningeanza lini, kama ile mara ya kwanza ningejibu badala ya kutundika? Nilikuwa na miaka ishirini na minane, akili inawaka, nikaitumia kuwa begi la mtu.

Jumamosi, 3 Mei

Nesi amefanya mtihani wake. Alinipigia kutoka barabarani, nasikia mvua kwenye mwavuli wake. "Nimehifadhi, Mwalimu! Kushoto, kama ulivyosema! Zimetosha!" Akalia, akaomba radhi kwa kulia, akalia tena.

Nilimpongeza kwa sauti kubwa. Kisha nikakaa na kijiba cha roho kwa muda, niseme kweli. Ilinichukua chai nzima kufurahi sawasawa.

Jumatano, 14 Mei

Mimi na Profesa ni shikamoo na marahaba tu, wiki ya ngapi sasa. Leo nilimwona anahamisha ile ndoo mwenyewe, suruali imekunjwa. Nikageuza uso.

Jumamosi, 17 Mei

Niyaandike yote sasa, maana kesho nitaanza kujitetea.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Dada alipofungua mlango maji yalikuwa kizingitini. Chumba cha mtihani kiko upande wa pili wa mji, magari ya abiria yameacha kupita, na kanuni naijua: ukijiandikisha usitokee, imehesabiwa. Nilisimama barazani viatu mkononi. Dada alikuwa ananiombea kwa sauti na kulitukana jiji kwa pumzi hiyo hiyo.

Ndipo gari la Profesa likaja polepole, linasukuma maji pande zote mbili. Akashusha kioo.

"Panda."

"Shikamoo, Mkurugenzi. Mimi sitakuletea swali hata moja."

"Nani kakuuliza maswali? Panda, maji yanaingia."

Njiani alikuwa akizilaumu wipa zake tu. Tulipofika alitoa simu mfukoni, akaitia kwenye kisanduku cha mbele ya gari, akakifunga. "Usije ukanidhania vibaya," akasema. Nikaona aibu kwa yale niliyoyaandika humu mwezi wa tatu.

Ndani walichukua mkoba, simu, saa, wakakunjua hata kitambaa changu cha mkono. Nikapewa meza ya pembeni. Swali la kwanza likatokea, na mlango wa dada ukaja kama kawaida yake. Nikajibu, nikatingisha midomo: nimekabidhi. Mlango ukaondoka. La pili. Nimekabidhi. Ile sehemu mpya ya majedwali ilinikuta natabasamu. Nakumbuka nilitabasamu, sikumbuki nilitabasamia nini. Nilimaliza mapema, nikarudi nyuma, nikarekebisha mawili. Nilijua. Dada hujua mshono umekaa kabla hajaigeuza nguo, na mimi nilijua vivyo hivyo.

Kisha ukurasa wa mwisho.

Sikufikiri. Hilo nataka libaki limeandikwa. Nilikuwa nimeshusha pumzi, nawaza nitamwambiaje Daktari, na mkono ukaenda kulia. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Mkono ukajibu ndiyo, maana hata swali hilo umelizoea. Macho yalifika mwisho wa yote. "Alama zako zimefutwa. Asante kwa kushiriki."

Nikanyoosha mkono ule ule. Msimamizi akaja, binti mpole mwenye sauti ya chini.

"Nimekosea kubonyeza."

Akasoma skrini, akanitazama. "Pole sana, dada. Ikishafutwa imefutwa. Kanuni zimo pale ukutani."

"Nazijua," nikamwambia. "Ndizo ninazofundisha."

Akanisaidia kuinuka.

Profesa alinifungulia mlango kwa ndani. Nikakaa. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye usukani, anatazama mvua, na bila hata kunigeukia akasema, "Haya, sema yangali moto."

Kisha akayasikia maneno yake. Akauziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe, Mwalimu. Wallahi sikukusudia. Mdomo umezoea."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka naye akaanza, halafu akaona kwamba sicheki tena.

"Na mkono pia," nikasema. Nikamweleza.

Alizima injini. Vioo vikaanza kuingia ukungu.

"Unadhani kabla yenu nilikuwa namtuma nani?" akasema. "Nilijituma mwenyewe. Zote tano. Ya mwisho niliijua kuwa ni ya mwisho, sikukosea kitufe mimi. Darasa lilikuwa limejaa mpaka nje, wananisubiri na maswali, nikasema hii nayo iende, mimi bado kijana."

"Ulijua yanavyokuwa, ukanituma mara nne?"

"Nilikutuma."

"Kwa nini hukunizuia hata mara moja?"

Alifuta kioo kwa mkono wa shati. "Ulikuwa unarudi unacheka."

Ni kweli. Nilikuwa narudi nacheka.

Nyumbani dada hakuuliza. Aliniona nilivyoingia, akachomoa waya wa cherehani ili nyumba iwe kimya. Nililala kitandani nikajaribu kuyakumbuka maswali, angalau nijihesabie mwenyewe nimepata mangapi. Nikapita nyumba nzima, mlangoni, kwenye kioo, kwenye ndoano ya pasi, hadi uani. Hakuna hata moja. Msimu mzima niliufunza moyo kuachilia, mkono sikuuambia kitu.

Jumapili, 18 Mei

Sikutoka kitandani.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia Daktari. Akasema chuo hakipokei mtu asiye na alama, na hata yeye hana mamlaka juu ya hilo. "Ungepata, unafikiri?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nami nafikiri hivyo." Akanitakia heri kwa sauti ile ile ya darasani. Nikagundua nilikuwa nimekaa wima muda wote.

Jumamosi, 24 Mei

Gauni limeisha. Dada amelitundika nyuma ya mlango, kisha akalitoa, kisha akalirudisha. "Livae hata sokoni," akasema, macho kwenye sindano. "Kitambaa hakikukosea kitu."

Sijalivaa.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imekatika. Profesa amenirudishia darasa la jioni bila maneno, jina langu tu limeonekana kwenye ratiba.

Kuna mwalimu mpya, binti aliyemaliza chuo juzi. Wanasema ana kumbukumbu ya ajabu. Nilikwenda ofisini bila kubisha hodi. "Huyu hatumwi," nikamwambia Profesa.

Alikuwa anakunywa chai. "Sikuwa na mpango huo," akasema. Sijui kama alikuwa nao au hakuwa nao. Nilimwita kupe humu, na nikilisoma neno hilo leo naona kupe anayenyonya mgongo wake mwenyewe kwanza, ndipo anaomba wa jirani. Bado nina hasira naye. Nilikaa, tukanywa chai.

Jumatatu, 9 Juni

Darasa jipya, kumekauka, unasikika vizuri hadi viti vya nyuma. Nesi alipita kuaga. Anaanza masomo mwezi wa nane. Alinikumbatia kwa nguvu ya mtu anayejua, nikamwambia aende asichelewe.

Nilivaa gauni.

Nikasoma kanuni zote, polepole, kama mwenye mbuzi. Kisha nikachukua chaki nikapita meza kwa meza, nikachora miraba miwili kila mahali: Hifadhi kushoto, Futa kulia. Nikawaambia waweke mkono wa kazi mezani, wafumbe macho, wabonyeze kushoto. Tena. Na tena. Wakadhani ni mchezo, wakagonga mpaka meza zikawa na mlio wa ile mvua ya Machi. Sikuwaachia mpaka chaki ya mraba wa kushoto ilipohamia yote vidoleni mwao.

Kijana mmoja wa mbele, mhasibu mwenye tai, akafumbua macho. "Mwalimu, na wewe umeshaufanya?"

"Mara tano."

"Lo! Ukapata ngapi?"

"Sijui," nikasema.

Wakacheka wote, na mmoja wa nyuma akapiga makofi. Walidhani ni unyenyekevu.